Kuchana Daftari si Kuondoa Munkari

 

Ndugu Waislamu, maneno haya tunawaelekezea kwanza walimu wenzetu wa madrasa, kisha wazazi na kamati za misikiti ya Ufukoni, Shangani, Mikindani na Msangamkuu. Nasi tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa moja ya mji huu, baada ya sala ya alasiri, tulimkuta mwanafunzi wa miaka kumi na miwili amejificha nyuma ya birika la kutawadhia akiwa na daftari. Kila ukurasa alikuwa ameugawa visanduku kwa rula. Alikuwa amechora kwa penseli, akapitisha kalamu ya wino juu ya mistari, akaifuta penseli kwa raba, kisha akatia rangi kwa penseli za kuazima. Tulipoona umbo lenye roho hatukuuliza wala hatukusoma. Tulilichana daftari mbele ya wenzake, na bakora ikafuata.

Jioni tulipokusanya vipande ili tuvichome, ndipo tulipotambua kilichochorwa. Kilikuwa kisa cha watu wa ndovu, ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekisomesha wiki ile katika tafsiri ya Juzuu Amma. Palikuwa na jeshi la Abraha, ndovu aliyepiga magoti akakataa kuielekea Makka, na ndege juu angani kama matone ya wino. Hapakuwa na sura ya Mtume wala ya sahaba yeyote. Mtoto yule hakurudi madrasa. Leo ni mtu mzima, na kazi ya mkono wake inaonekana kwenye ukuta wa baa moja ya mjini: mwanamke nusu uchi ameshika chupa. Kila tupitapo hapo tunainamisha macho, na si kwa ajili ya mwanamke yule peke yake.

Wapo watakaosema kwamba hukumu ya picha inafahamika na mlango wa maneno umefungwa. Hatuikanushi hata hadithi moja. Makemeo makali juu ya watengenezaji wa sura yamo katika Bukhari na Muslim, na Imamu an-Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani wa madhehebu ya Shafii tunamtegemea, hakutofautisha baina ya sura yenye kivuli na isiyo na kivuli. Lakini mwenye kusoma asiishie ukurasa mmoja. Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar as-Siddiq na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, ambaye alilelewa na shangazi yake Bibi Aisha (R.A.), imepokewa kwamba aliona hapana ubaya katika sura zilizo kwenye nguo. An-Nawawi aliiita kauli hiyo batili. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, akaeleza kwamba kuiita hivyo kuna mjadala, kwa kuwa imethibiti kutoka kwa al-Qasim kwa sanadi sahihi. Hatusemi kwamba kauli ya al-Qasim ndiyo yenye nguvu. Wengi wa wanavyuoni hawakuifuata. Tunasema kwamba jambo ambalo wakubwa hawa walijadiliana kwa elimu, sisi tumelimaliza kwa fimbo juu ya mgongo wa mtoto ambaye bado hajabaleghe.

Na tutazame mwenendo wa Mtume (S.A.W.) kwa watoto. Katika mapokezi ya Abu Daud, alimkuta Bibi Aisha na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alimuuliza ni kitu gani, na alipojibiwa kwamba Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa, alicheka. Aliuliza kwanza! Naye Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza sura, alimsomea makemeo mpaka mtu yule akasawijika uso, kisha hakumwacha njia panda, bali alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hiyo ndiyo fikihi ya kulea: ukifunga mlango mmoja, onyesha ulio wazi. Sisi tulifunga wote.

Tulipofunga, wengine walifungua. Wazee wetu wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliyepata umaarufu hata jina lake likawa jina la kila kichekesho cha kuchorwa. Kisha likaja jarida la Sani na akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, matapeli na wafukuza wanawake ambao vijana wetu waliwajua kuliko walivyowajua Maimamu wanne. Leo mwalimu wa kuchora ni simu. Watoto wa Ufukoni wanaiga macho makubwa ya katuni za Kijapani, usiku, chini ya shuka, na hakuna mtu mzima anayejua wanachoiga. Mzazi yuleyule anayeshangilia kuchanwa kwa daftari ndiye aliyeinunua simu hiyo.

Nguvu ya mchoro tunaijua. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti moja la Denmark lilichapisha michoro 12 ya kumkejeli Mtume wetu (S.A.W.), na mwaka uliofuata umma wa Kiislamu ukatoka mitaani toka Asia hadi Afrika. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini tulipojifuta jasho, je, ni wangapi waliojiuliza kwa nini kalamu iko mikononi mwa watu wale, na mikononi mwetu kuna vipande vya daftari?

Katika miaka yetu ya masomo ya Kiarabu tulikutana na kazi za Naji al-Ali, Mpalestina wa kijiji cha ash-Shajara, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Ain al-Hilweh huko Lebanon na kuanza kwa kuchora kwenye kuta. Mwaka 1969 alimbuni Handhala, mtoto wa miaka kumi asiye na viatu. Baada ya vita vya 1973 akamgeuza, akawa anatupa mgongo, mikono ameifunga nyuma, na uso wake hauonekani. Mwaka 1987 Naji alipigwa risasi London, akafariki. Hatumtaji kama hoja ya fikihi, kwani wengine aliowachora walikuwa na nyuso. Tunamtaja kwa sababu mtoto yule asiye na uso alielewa kazi yake kuliko khutba nyingi tulizozisikia, zetu zikiwemo. Na wanavyuoni wengi wamesema kwamba sura ni kichwa. Kikiondolewa, hukumu inalegea. Kijana wa kwetu hawezi kuchora mvuvi kwa mgongo?

Kuchora si ugeni katika pwani hii. Kwenye chokaa ya kuta za magofu ya Kilwa bado yapo majahazi yaliyokwaruzwa na mikono ya watu wa kale, na milango ya nakshi ya Mikindani haikuchongwa na makafiri. Mtoto wa hapa ana majahazi, ana mikoko ya mdomo wa Ruvuma, ana mikorosho, ana kisa cha wavuvi wa baruti walioua mazalia ya samaki kwa tamaa ya siku moja. Hayo yote yanachoreka bila kumgusa Nabii yeyote wala sahaba. Na mpaka huo hatuulegezi hata unywele, awe mchoraji mdogo au mkubwa.

Kwa hiyo tunawataka walimu waanze na jambo dogo: Alhamisi moja katika mwezi, baada ya alasiri, wanafunzi walete madaftari yao mezani, tuyasome. La kuondolewa liondolewe na mwenyewe, kwa raba yake, baada ya kuelezwa dalili. Kamati zinunue karatasi na penseli. Gharama yake haifikii ya vipaza sauti tunavyobadilisha kila mwaka. Na mwenye dalili yenye nguvu kuliko hizi atuandikie, tutaichapa katika toleo lijalo kama ilivyo.