Asilimia 10 Yetu Imekwama Kwenye Karatasi Tusiyoisoma

Kama ulikuwa Ukunda miaka ile, malori uliyaona. Yalikuwa yanatoka mgodi wa Base Titanium kule Nguluku, yanashika barabara kuu hadi bandarini Likoni. Sisi wa steji tulikuwa tunayahesabu kupoteza wakati, na anayekosea hesabu ananunua kahawa ya wote. Ndani mlikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, mchanga unaotengeneza rangi nyeupe na vigae vya watu ambao hata Msambweni hawajawahi kuisikia. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukafika mwisho, na malori yakaisha.

Malori tuliyahesabu, sawa. Pesa je? Nani kati yetu alihesabu pesa?

Hebu nikueleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua nimechelewa. Sheria ya Madini ya 2016, kifungu cha 183, inasema mrabaha, yaani ile pesa ambayo kampuni inailipa Serikali kwa kuchimba mali ya nchi, ugawanywe hivi: asilimia 70 ibaki Serikali ya Kitaifa, 20 iende kaunti, na 10 iende kwa jamii ya pale panapochimbwa. Kumi kwa mia. Si msaada, si zawadi ya mheshimiwa, ni haki iliyopigwa chapa.

Lakini miaka ikaenda. Wabunge na maseneta wakauliza, wazee wa Msambweni na Lunga Lunga wakauliza, na mpaka mgodi unafungwa watu walikuwa bado wanauliza swali lile lile: kumi yetu iko wapi?

Kila mtu kibarazani ana jibu lake. "Wamekula." Ndiyo jibu la haraka, na kwa Kenya hii sikulaumu ukilitoa. Ila hebu tuisome sheria yenyewe. Inasema jamii ni watu wanaoishi kuzunguka eneo la machimbo, au wale wanaoweza kuhamishwa kupisha machimbo. Vizuri. Kuzunguka ni kilomita ngapi? Familia zilizotolewa Maumba na Nguluku, zingine zikaenda Bwiti, zinahesabiwa kwao zilikotoka au zilikohamia? Mtu wa Likoni aliyekula vumbi la bandari naye yumo? Na pesa ikitoka Nairobi, inaingia akaunti ya nani, na nani anatia saini?

Majibu ya maswali kama haya huwa hayawekwi kwenye sheria. Yanawekwa kwenye kanuni. Sheria inapitishwa na Bunge, kamera zinawaka, watu wanapiga makofi. Kanuni zinaandikwa baadaye wizarani, kimyakimya, na zisipoandikwa, ile sheria inabaki sufuria iliyotelekwa juu ya jiko lisilo na moto. Mnasubiri wali mpaka mnasinzia.

Unataka ushahidi kwamba tofauti iko hapo? Sheria hiyo hiyo inataka kampuni ya uchimbaji ifanye mkataba wa maendeleo na jamii. Huo ukaandikiwa kanuni zake mwaka 2017: kampuni itoe angalau asilimia 1 ya mapato yote ya mauzo ya madini kwa mwaka, kuwe na kamati, na wanakamati wawe wa aina gani, mpaka kiti cha kijana kimo. Asilimia moja ikapata njia. Asilimia kumi ikabaki kuwa hotuba.

Sasa hapa kuna jambo linaloniuma zaidi, na najua nitatukanwa. Sisi Wapwani tuna ugonjwa wa "mtu wetu". Tupeni mtu wetu pale juu, mambo yatanyooka. Basi tuangalie. Salim Mvurya alikuwa gavana wa Kwale kuanzia 2013 hadi 2022. Akitoka hapo akawa Waziri wa Madini. Mwaka 2024 akaingia Hassan Joho, gavana wa zamani wa Mombasa, wizara hiyo hiyo. Mawaziri wawili mfululizo, wote wa kwetu, mmoja ni wa hapa hapa mgodi ulipo. Sisemi hawakufanya kitu. Nasema mtu wetu bila karatasi yetu hatoshi. Waziri huhamishwa asubuhi moja tu, lakini kanuni iliyochapishwa inabaki pale mpaka ifutwe.

Katiba ilishaona haya. Kifungu cha 153 kinawataka mawaziri walipe Bunge ripoti kamili na za mara kwa mara kuhusu mambo yaliyo chini yao. Kwa hiyo mbunge wako ana ruhusa, tena ana kazi, ya kumwita waziri na kumwambia: leta ripoti, mrabaha wa Kwale umekusanya kiasi gani, umetoa kiasi gani, kanuni ziko hatua gani. Mara ya mwisho wewe kumwuliza mbunge wako alichouliza ilikuwa lini? Sisi humwuliza mambo ya harambee na jezi za timu.

Halafu kuna Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Jina linachosha, lakini vumilia kidogo, hapa ndipo penye utamu. Waziri akishachapisha kanuni, lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Zisipowasilishwa, zinakufa. Kabla ya hapo alipaswa kuwashauri watu zitakaowagusa, na aambatanishe maelezo ya mashauriano hayo. Bunge lina kamati yake ya kuzipitia, na ikiona wananchi hawakushirikishwa inaweza kupendekeza zifutwe. Lakini sikiliza hii: kamati ikikaa siku 28 tangu ikabidhiwe bila kutoa ripoti, na Bunge halijaiongezea muda, kanuni zinahesabiwa kuwa zimetimiza kila kitu. Kimya chao kinahesabiwa ni ndiyo. Na chetu pia.

Najua utasema mambo haya ni ya mawakili. Yakhe, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sina digrii wala sina mjomba mkubwa. Kilichonibaki ni bando na uwezo wa kusoma Kiingereza cha kuchosha, na nimeona kwamba karatasi hizi hazihitaji akili nyingi, zinahitaji makalio. Kukaa. Video ya dakika moja ya mheshimiwa akizomewa tunaisambaza vikundi vyote. Faili la kurasa 30 linalosema nani atakula kumi ya Kwale halina mtu analituma.

Na ukumbini nimeshakwenda, kikao cha kutoa maoni. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, afisa anasoma kwa Kiingereza kisha anatafsiri nusu. Kikao saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakati boda wako barabarani, wauza vinyago wako ufuoni, na wavuvi ndio kwanza wanapakua samaki. Swali la kwanza kutoka kwa watu: nauli ipo? Sikucheka. Mtu aliyeacha riziki yake ya asubuhi ana haki ya kuuliza nauli. Lakini orodha ya mahudhurio ilizunguka, tukatia saini, na saini zile ndizo zitakazopelekwa Nairobi kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Nusu yetu tulikuwa hatujui tumeshirikishwa nini.

Haya yote yangekuwa hadithi za mgodi uliokufa kama si Mrima. Mlima Mrima, kaya ya Wadigo, chini yake mna niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na mataifa makubwa kwa simu, magari ya umeme na silaha. Kampuni ya Cortec ilipata leseni pale mwaka 2013, ikafutwa mwaka huo huo. Ikaishtaki Kenya kwenye mahakama ya kimataifa ya usuluhishi, na 2018 ikashindwa, kwa sababu leseni ilitolewa bila masharti ya sheria kufuatwa, ya mazingira yakiwemo. Kilichoamua kesi ni karatasi iliyokosekana. Wakubwa wanajua thamani ya karatasi, ndiyo maana wanaajiri watu wa kuzisoma.

Siku moja wageni watarudi Mrima na mikoba. Swali la nani ni jamii, kilomita ngapi, akaunti ya nani, linafaa liwe limejibiwa kabla ya katapila la kwanza kupita Ukunda, si baada ya lori la mwisho.

Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua, unaomba taarifa, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Mimi nimeandika rasimu yangu, kurasa moja na nusu, naomba hesabu ya mrabaha wa Kwale mwaka kwa mwaka na hatua iliyofikiwa na kanuni za ile kumi. Jina moja chini ya barua ni jepesi. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa steji ya Ukunda na nakala mbili, moja ya Kiswahili. Njoo na kitambulisho na kalamu. Kahawa nitanunua mimi, maana hesabu ya malori nilikosea mara nyingi kuliko wote.