Nani Alikuwa Ameshika Usukani?

Mwenzenu mwezi uliopita nimemaliza kulipa gari ambalo si langu. Liko Cape Town, sijui hata leo linaendeshwa na nani, na mimi nililishika mara moja tu, dakika arobaini hivi, kutoka Franschhoek kwenda Stellenbosch. Dakika hizo zimetugharimu randi 19,400. Ukizipeleka kwenye shilingi za kwetu ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Ndiyo maana mwezi huu nimeona niache habari za wivu na mawifi, tuongelee bima. Usifunue ukurasa, shosti. Humu humu mna mambo ya ndoa.

Tulikuwa tunasherehekea miaka mitano. Watoto tukawaacha kwa bibi yao Tabata, likizo zikakubali, tiketi tukakata mapema. Baba Junior akasema safari hii hatupandi teksi wala hatuburuzwi kwenye basi la watalii, tunakodi gari letu wenyewe, tunatanua. Na kweli, Cape Town ni mji wa kuendesha. Wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia, lami imenyooka. Kuna ile barabara ya Chapman's Peak iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kilomita tisa tu lakini ina kona 114, na bahari iko chini yako. Unalipia kupita, na hutajuta. Ukipita pale na mtu unayempenda, hata kama mligombana asubuhi mtasameheana.

Sasa turudi nyuma kidogo, uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya kampuni ya kukodisha magari. Jina lake nalihifadhi, maana kosa halikuwa lao.

Leseni zetu za kadi hazikuleta maneno. Kimbembe cha kwanza kilikuwa kadi ya benki. Wengi wetu tunatembea na kadi za debiti tukidhani kadi ni kadi. Kampuni nyingi za magari zinataka kadi ya krediti, na iwe na jina la yule yule dereva mkuu aliyeandikwa kwenye mkataba. Kadi ya mkeo haimsaidii dereva ambaye ni wewe. Kwa bahati Baba Junior alikuwa nayo. Wakashikilia randi 6,000 za dhamana. Angalia neno hilo, kushikilia. Hawajazikata, ila huzigusi mpaka urudishe gari, na hata ukisharudisha zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Sasa kama hiyo ndiyo hela yako ya kula na kununua zawadi za mashangazi, utashindia maji.

Halafu dada wa kaunta akaanza kutupangia ngazi za ulinzi wa gari, haraka haraka kama muuza vocha. Mimi nilikuwa naangalia mlima dirishani. Nawaombeni msiangalie mlima wakati ule. Nitawaeleza alichokuwa anasema, kwa sababu nilikuja kukielewa baadaye, kwa machungu.

Hapa nyumbani tunajua bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, bima kubwa inatengeneza na gari lako. Kile unachouziwa kwenye kaunta ya magari ya kukodi kwa kawaida si bima kubwa unayoijua. Ni ahadi ya kampuni: gari likipata ajali au likiibwa hatutakudai thamani yake yote, tutakudai mpaka kiasi fulani tu. Kiasi hicho ndicho wanachokiita eksesi, sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe. Ukichukua ngazi ya chini, iliyomo kwenye bei ya matangazo, eksesi ni kubwa. Ukiongeza hela kila siku, eksesi inashuka, pengine mpaka sifuri. Sisi tulichukua ya katikati, eksesi ya randi 8,000. Na hata ukilipia ile ya juu kabisa, soma maandishi madogo. Mara nyingi tairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari havimo. Ufunguo ukipotea haumo. Ukijaza dizeli kwenye gari la petroli, hayo ni yako.

Mwisho dada akauliza, mama naye ataendesha? Kumwandika dereva wa pili ni randi 400 kwa safari nzima.

Baba Junior akanigeukia akicheka. "Mia nne za nini, Mama Junior? Si niko mimi?"

Nikacheka na mimi. Nyumbani tuna IST yetu, akichoka naendesha mimi, nikichoka anaendesha yeye, kaka yake akija kuiazima anaendesha. Bima nyingi za huku zinamkubali dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye gari, kwa hiyo tumezoea kwamba bima inafuata gari. Gari la kukodi siyo hivyo jamani. Pale ulinzi unafuata jina. Asiyeandikwa kwenye mkataba akishika usukani, hata kwa mita mia, ile ahadi yote imekufa, na eksesi haina kazi tena kwa sababu sasa mnadaiwa kila kitu. Lakini tulisema tumeokoa mia nne, tukazila samaki pale Waterfront.

Siku ya nne tukaenda Franschhoek, kwenye mashamba ya zabibu. Nani anakwenda Franschhoek asionje mvinyo? Mimi situmii, kwa hiyo nilikaa na juisi yangu ya zabibu naangalia. Wanakuletea glasi tano, zote na hadithi zake, na glasi ni ndogo, ndiyo mtego wenyewe. Kufika saa kumi jioni mume wangu alikuwa anaisifia milima kwa Kingereza.

Hapo tukawa na watu wawili na ufunguo mmoja. Mmoja jina lake lipo kwenye mkataba lakini amekunywa. Mwingine hajanywa lakini jina lake halipo. Nilidhani nafanya jambo la busara, nikachukua ufunguo. Na kwa upande wa roho za watu, nasema mpaka leo, ilikuwa busara. Kwa upande wa mkataba, sote wawili tulikuwa sawa na mwizi wa gari, maana dereva aliyelewa naye ulinzi haumgusi. Njia ya tatu ilikuwepo, gari likae pale shambani tuite teksi, kesho tulifuate. Hakuna aliyeitaja. Teksi ingekuwa hela, na sisi tulikuwa watu wa kubana matumizi, si unakumbuka?

Njiani hakukuwa na shida. Nilivuka mlima wa Helshoogte taratibu kama nimebeba mayai. Nilifika Stellenbosch, nikaiona ile nyumba ya wageni yenye kuta nyeupe, nikawasha indiketa, nikaingia getini. Geti lina nguzo mbili. Ya kushoto sikuiona. Nilisikia ule mlio ambao kila dereva anaujua, nikafanya kosa la pili, nikarudi nyuma kwa haraka. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma na ubavu wote wa kushoto.

Tulilala bila kusemeshana. Asubuhi, kwenye chai, Baba Junior akaja na wazo.

"Tutasema nilikuwa naendesha mimi."

"Ulikuwa unaendesha wewe?"

"Nani atajua? Mimi ndiye niliyeandikwa. Tunabeba eksesi, elfu nane, yameisha."

Sitawadanganya, niliipigia hesabu. Elfu nane na elfu kumi na tisa si kitu kimoja, na nilikuwa najua ile tofauti ingetoka wapi, kwenye ada ya Junior. Halafu nikamwuliza, "Wakikuuliza ulitoka wapi jioni ile?" Akanyamaza. Risiti ya glasi tano ilikuwa mfukoni mwake, imelipwa kwa kadi ile ile iliyoshikilia dhamana ya gari. Ili kuniondoa mimi kwenye usukani ilibidi amweke pale mtu mlevi, na mlevi huyo ni yeye mwenyewe.

Kuna jingine ambalo hatukulisema pale mezani. Kudanganya kwenye fomu ya ajali ni udanganyifu mbele ya sheria. Tungesaini wote wawili. Mimi mume wangu simpendi kiasi cha kumfundisha kuwa tukibanwa nje ya nchi tunasaini uongo pamoja. Nikajiuliza, mwaka wa kumi tutasaini nini?

Kwenye kaunta swali lilikuja, kama nilivyojua litakuja: nani alikuwa anaendesha? Baba Junior akafungua mdomo. Nikasema, "Mimi." Dada akatazama mkataba, akatazama uso wangu, akaandika. Hakutufokea. Bili ilikuja kwa barua pepe wiki ya pili, na ndiyo hiyo tumeilipa kidogo kidogo mpaka mwezi uliopita.

Wapo mashosti walioniambia mimi mshamba, kwamba wangekuwa wao wangenyamaza. Labda. Lakini kila nikiukumbuka ule mlio wa nguzo, nashukuru ilikuwa nguzo. Afrika Kusini haimlazimishi mwenye gari kuwa na bima ndogo kama sisi huku. Wana mfuko wa serikali, Road Accident Fund, unaoendeshwa kwa tozo iliyomo kwenye bei ya mafuta, na mfuko huo unafidia watu walioumizwa au waliofiwa. Gari la mtu haulilipi. Kwa hiyo kama badala ya nguzo ningeparuza Mercedes ya bwana mmoja aliyekuwa anatoka getini, kampuni yetu ingejitoa, na bwana yule angebaki na mimi. Uso kwa uso. Na mimi na kipochi changu.

Mnaojiandaa kwenda, nawaambia machache niliyoyapata kwa bei mbaya. Kabla hujawasha gari, lizunguke na simu yako, piga picha kila mkwaruzo, rimu, kioo, mpaka geji ya mafuta, na kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu yao. Usione aibu kuwachelewesha. Ajali ikitokea, hata ndogo, wapigieni simu siku hiyo hiyo na mpate namba ya taarifa ya polisi. Mikataba mingi inadai ndani ya saa 24. Mkitaka kuvuka kwenda Lesotho, Eswatini au Namibia, barua ya kampuni ya kuvusha gari iombwe kabla ya safari, mpakani haipatikani. Kamera za mwendo zipo, na faini itakufuata mpaka Kinondoni kupitia kadi yako, pamoja na ada ya kampuni ya kukushughulikia.

Wale wa Dubai, mambo yenu tofauti kidogo. Huko wanapita kulia, jipeni siku moja ya kuzoea. Ukiwa mtalii na leseni yetu watataka na leseni ya kimataifa, iombeni kabla hamjaondoka nyumbani. Na najua wengi mkifika Dubai mnataka kuteleza hadi Muscat kuwaona ndugu. Gari la kukodi haliingii Oman bila barua ya kampuni na bima ya Oman juu yake. Pia hakuna fundi wa Dubai atakayenyoosha bodi bila karatasi ya polisi, hata mkwaruzo wa kidole.

Kingine, msichanganye ulinzi wa gari na bima ya safari. Ule wa gari hautakutibu mguu. Bima ya safari ndiyo ya hospitali na mizigo iliyopotea, na wale wa Ulaya wanaijua kwa sababu viza ya Schengen haitoki bila bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Muulizeni wakala wenu swali moja la ziada: je, inarudisha eksesi ya gari la kukodi? Baadhi zinarudisha, nyingine hata kulisikia hazitaki.

Desemba hii tunakwenda Mombasa na IST yetu wenyewe, kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro. Nilikwenda kwa wakala wa bima peke yangu. Nimechukua ile kadi ya njano ya COMESA, maana Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tumo. Kadi hiyo ni bima ndogo ya kuvukia mpaka, inamlipa wa huko utakayemgonga. Ili bima kubwa ya gari letu ifanye kazi Kenya, nimeomba kampuni ituandikie barua ya kuiongezea eneo. Wakala akaniuliza madereva ni nani na nani, nikataja majina yote mawili, nikamwomba anisomee tena.

Jioni Baba Junior akaichukua ile barua, akaisoma mpaka chini, akaiweka kwenye droo ya gari.

"Na huko Mombasa," akasema, "siku ya kwanza unaendesha wewe au mimi?"