Mvua Iliyotabiriwa Si Dharura

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekwama nyuma ya tuta la reli yaliifungua kwa nguvu njia iliyokuwa imezibwa na vifusi, yakateremka hadi Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na kuwakumba watu wakiwa vitandani. Makumi ya wananchi walipoteza maisha, watoto kwa wazee. Siku iliyofuata, tarehe 30 Aprili, ndiyo siku ya mwisho ambayo sheria huipa kila serikali ya kaunti kuwasilisha makadirio ya bajeti mbele ya bunge lake. Tarehe hizi mbili ziliandamana kwa nasibu tu. Hata hivyo twawasihi wasomaji wetu wazisome pamoja.

Makaburini tuliambiwa, kama tuambiwavyo kila mara, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hatuna ugomvi na imani hiyo. Ugomvi wetu ni na kiongozi anayejificha nyuma yake. Mvua huletwa na Mungu. Mtaro ulioziba haukuzibwa na Mungu.

Je, sheria inasemaje? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kitaifa jukumu la kukabiliana na majanga, na likazikabidhi kaunti jukumu hilo hilo pamoja na huduma za kuzima moto. Nia ilikuwa njema: wawili wasaidiane. Lakini mara nyingi jukumu la wawili limegeuka kuwa jukumu lisilo na mwenyewe. Maji yakishabomoa nyumba, gavana humtazama kamishna, kamishna humtazama gavana, na mwananchi huwatazama wote wawili akiwa juu ya paa.

Kisha kuna suala la fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti, kwa idhini ya bunge lake, kuanzisha Hazina ya Dharura. Malipo ya mwaka mmoja hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Waziri wa fedha wa kaunti akishalipa, hana budi kuomba idhini ya bunge la kaunti katika muda wa miezi miwili. Lakini sharti lililo kubwa kuliko yote ni hili: hazina hiyo ni ya hitaji la haraka lisilotazamiwa.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei. Mvua fupi huja Oktoba hadi Desemba. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Anga ilitangaza mapema kwamba El Niño inakuja. Je, kiongozi aliyeonywa kwa redio, magazeti na barua rasmi anaweza kusema hakutazamia? Sisi tuliosomea sheria tunasema hawezi. Mvua iliyotabiriwa si dharura. Ni kazi ya kawaida ya serikali. Mahali pake ni katika bajeti ya kila mwaka, si katika mkoba unaofunguliwa kwa haraka wakati hakuna mwenye nafasi ya kuuliza bei ya blanketi.

Kazi hiyo haina siri. Ni kuzibua mitaro na njia za maji kabla ya Machi. Ni kukagua mabwawa, tukikumbuka Solai, katika kaunti iyo hiyo ya Nakuru, ambako bwawa lilipasuka tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Ni kuwa na magari ya zimamoto yenye maji na dereva. Ni kujua nani anaishi bondeni, nani hawezi kutembea, na nani atambisha hodi usiku. Ni kukubaliana mapema na shule na makanisa, maana tunajua wananchi hukimbilia huko, na mara nyingi mchungaji huulizwa habari za vyoo na uji wakati watu wamekwisha kujaa ukumbini.

Tena kujitayarisha si kutuma tingatinga. Mei 2024 nyumba za maskini zilibomolewa kando ya mito ya Nairobi huku mvua ikiendelea. Kumwondoa mtu hatarini bila kumwonyesha pa kulala ni kumhamishia hatari nyingine, na Ibara ya 43 ya Katiba inamhakikishia makao.

Tutajibiwa kwamba kaunti hazina fedha, na kwamba mgao kutoka Nairobi huchelewa. Lalamiko hilo lina ukweli, nasi tunaliunga mkono pale linapostahili. Lakini orodha ya wazee wa kijiji haigharimu mamilioni, na kuzibua mtaro ni rahisi kuliko kununua majeneza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi tufanye nini? Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mwongozo wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kila parokia na kila kikundi kitume watu watatu kwenye vikao hivyo, wakiwa na maswali matatu yaliyoandikwa: Ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kujitayarisha, kabla ya maafa? Fedha za dharura za mwaka uliopita zilimfikia nani? Usiku wa mafuriko, ni afisa gani mwenye wajibu katika wadi yetu? Wakinyimwa majibu, waandike barua kwa kutumia Ibara ya 35, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na waiwekee nakala.

Ugatuzi haukuletwa ili tuwe na magavana wa kuhudhuria mazishi. Uliletwa ili mamlaka yawe karibu na mtaro. Tukangoje hadi mawingu yatande, tutakuwa tumechelewa sisi pia, na lawama itakuwa yetu sote.