Usinunue Kabla ya Kufunua

Ndugu msomaji, kabla hujafika kwenye mashairi na vitendawili, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Jarida letu la mwaka jana lilichelewa, na kwenye ubao wa matangazo paliandikwa kwamba wanachama ni wavivu. Si kweli hata chembe. Kisa kizima kilikuwa herufi moja tu, nayo ni A.

Kiswahili kinakula A kama ng'ombe wa Delta wanavyokula nyasi mbichi maji yakishapungua. Hebu chukua sentensi hii ndogo: "Wanachama wanaandaa jarida." Ina herufi 24, na 11 kati yake ni A. Inayoifuata ni N, nayo imetokea mara tatu tu! Sasa fikiria kurasa 60 za jarida, pamoja na kufuta na kuandika upya, na kugombania kiti kimoja mbele ya kompyuta. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kisicho na nguvu, ndicho kinachobeba lugha nzima.

Kibodi yetu (wengine husema kicharazio, na jirani zetu Watanzania wana baobonye, mimi nimezoea kibodi, mnisamehe) ilinunuliwa mpya kabisa, ndani ya boksi lake. Muhula wa pili ukaanza, na alama ya A ikafutika. Hilo tulilivumilia, kwani vidole vinajua njia. Mara A ikaanza kugoma. Ukiibonya mara moja haitoki, ukiikandamiza kwa kucha inatoka tatu. Shairi la Kidato cha Pili likasomeka "mpendw msomji", na mtunzi wake akanuna wiki nzima. Kusema tununue nyingine ni rahisi kwa mtu wa mjini. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mnakumbuka mwisho wa mwaka 2023 mafuriko yalivyokata barabara zetu. Huku kwetu kitu kikiharibika, kimeharibika.

Basi tukaketi kikao. Wakatokea watu wa aina mbili. Wa kwanza wakasema tununue mpya tena, ya bei ya chini, na ikifa tununue nyingine. Wa pili wakasema la hasha, vitu vya zamani ndivyo vitu. Tutafute kibodi kuukuu, zile nzito za miaka ya 1980, zinazolia "ka-cha, ka-cha" kama taipureta ya karani wa boma. Mimi nilikuwa mkuu wa hao wa pili. Nilipiga domo mpaka nikashinda, na kwa kuwa nilikuwa nikisafiri kwenda Mombasa likizo, nikakabidhiwa pesa za chama.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na sitaificha. Katika kibanda kimoja cha mitumba nilionyeshwa kibodi moja pana, imepauka ikawa rangi ya chai ya maziwa, nzito kama tofali. Muuzaji akaigonga mezani. "Hiyo ni chuma ya Mzungu, kijana. Siku hizi hazitengenezwi." Nilifurahi nikasahau hata kupunguziwa bei. Nilipofika nyumbani nikafungua parafujo nione hayo maajabu. Ndani mlikuwa na tandiko la mpira lenye vikombe vidogo vidogo, sawasawa na ile mpya iliyokufa. Uzito ulikuwa wa bamba la chuma lililolazwa chini. Na ule mpira ulikuwa umezeeka, umekauka kama ngozi ya mbuzi juani. Yaani niliuziwa mbuzi ndani ya gunia, na mbuzi mwenyewe kizee.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimechokonoa, na rai yangu imebadilika. Wale wa kwanza walikosea, na sisi wa pili tulikosea vilevile. Umri wa kibodi hauna maana, wala uzito wake, wala rangi yake. Kinachonunuliwa ni swichi, yaani kile kidude kilicho chini ya kila kitufe, na swichi haionekani mpaka ung'oe kofia ya kitufe. Asiyekuruhusu kung'oa kofia moja, mwachie kibodi yake.

Kofia hung'olewa kwa kuivuta juu taratibu, pande zote mbili sawasawa. Uzi mgumu wa kushonea magunia unatosha, au waya mwembamba uliokunjwa. Kisha chungulia.

Ukiona kikombe cha mpira, umeshapata jibu lako. Wakati mwingine mpira umejificha chini ya kijiti cha plastiki, kwa hiyo bonya kijiti hicho kwa kidole. Kikizama kwa ulaini kama unabonya godoro, na juu kikapwaya, ni mpira huo. Rudisha kofia, sema ahsante, nenda zako.

Ukiona springi nyembamba imesimama ndani ya kitundu cha duara, shika moyo. Hiyo ni kazi ya IBM. Springi yenyewe hujipinda ghafla ukiibonya, na ndiyo inayotoa ule mlio. Aliyeibuni ni mhandisi wa kampuni hiyo aitwaye Richard Harris. Kwanza ilikuja kibodi iitwayo Model F, pamoja na kompyuta yao ya mwaka 1981, kisha Model M mwaka 1985. Igeuze utazame lebo mgongoni. Mara nyingi utakuta tarehe ya kutengenezwa na nambari ya aina: 1391401 ni Model M ya mpangilio wa Kimarekani, 1391406 ni ya Kiingereza. Herufi zake zimepenya ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hazifutiki ovyo, na uzito wake unapita kilo mbili kwa haki. Lakini msije mkadhani ni kitu kisichokufa! Model M imeshikiliwa ndani kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa, na vijiti hivyo hukatika kwa uzee. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama kayamba, vimekatika, na kuitengeneza ni shughuli ya siku nzima.

Ukiona mguu wenye umbo la msalaba, hiyo ni familia ya Cherry MX, ya Wajerumani, iliyoanza miaka ya 1980. Rangi ya mguu ndiyo jina lake. Buluu hulia, kahawia ina kigongo kidogo unachokihisi katikati, nyeusi huteremka moja kwa moja na inataka nguvu kidogo. Nyekundu pia huteremka moja kwa moja, ila ni laini, na ilikuja mwaka 2008. Kwa hivyo mtu akikwambia kibodi ni ya 1989 na wewe unaona mguu mwekundu, mtabasamie tu. Tena siku hizi viwanda vya Uchina vinatengeneza miguu ya msalaba ya rangi hizohizo. Nyingine si mbaya hata kidogo, lakini usilipe bei ya Cherry bila kusoma jina CHERRY kwenye gamba la swichi. Kuna na nambari mgongoni: G80 ina swichi za MX, G81 ina swichi za aina nyingine dhaifu zaidi, G83 ni mpira. Tarakimu moja hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua na kuibiwa.

Mwisho, ukiona kijiti cha mstatili chenye ufa, hiyo huenda ni Alps ya Kijapani, au mojawapo ya zile nyingi zilizoiga Alps. Kampuni ya Apple iliziweka katika kibodi yake kubwa ya mwaka 1987, na wapenzi wa vitu hivi husema hakuna raha kama ile ya Alps nzima. Mimi nasema, raha hiyo wabaki nayo wenyewe huko kwao. Alps ina ugomvi mkubwa na vumbi. Likishaingia, swichi huanza kukwaruza kama mlango wenye mchanga, na kuisafisha ni kufungua moja moja. Sasa niambie, Garsen mwezi wa pili, upepo ukivuma na malori yakipita kuelekea Lamu, ni wapi vumbi lisipoingia? Mpaka kwenye ugali limo! Huu si uamuzi wa kitabu, ni uamuzi wa mahali tulipo.

Kuna mtego mwingine ambao karibu uninase mara ya pili, nao ni plagi. Niliona kibodi safi sana, Cherry nyeusi tupu, bei ya kutupa. Waya wake uliishia kwa plagi ndogo kama ya mkono wa simu ya mezani. Zile zilikuwa za vituo vya kazi, skrini zisizo na akili yake zenyewe zilizounganishwa na kompyuta kubwa iliyo chumba kingine, kama zile za kampuni ya Wyse. Hazizungumzi na kompyuta yetu bila kifaa cha kutafsiri kati yao. Zile zenye plagi nene ya duara yenye pini tano mara nyingi ni za kompyuta za kawaida za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, lakini IBM nao walikuwa na vituo vyenye plagi inayofanana nayo, kwa hiyo uliza na ujaribu. Zenye plagi ndogo ya duara, PS/2, zilianza mwaka 1987, na bahati nzuri kompyuta yetu ya mtumba bado ina tundu lake nyuma. Ukitaka kuiingiza kwenye USB, kile kiunganishi cha bure kinachokuja na kipanya aghalabu hakifai. Unahitaji kile chenye saketi ndani.

Naam, hatimaye tulipata. G80, miguu myeusi, PS/2, kutoka kwa ofisi iliyokuwa ikitoa vitu vyake stoo. Safari hii tulikwenda wawili, na uzi wetu mfukoni. Tulijaribu kila kitufe, tukianza na A, kisha I, N, K, U na W, maana sisi hatununui kibodi ya Mwingereza anayetafuta E. Na baada ya miezi minne, amini usiamini, A ikafa tena!

Wale wa "nunua mpya" walicheka mpaka machozi. Lakini safari hii kilichokufa ni swichi moja, si tandiko zima. Kila kitufe kina swichi yake, imeshikwa kwa pini mbili zilizochomewa lehemu. Mwenzetu mmoja akatoa wazo nililoliona la ajabu: Kiswahili hakiandikwi kwa Q wala X, basi tung'oe ya Q tuitie mahali pa A. Mwalimu wa kompyuta akakataa, akasema Q ina kazi darasani kwake, na X ndiyo ya kukatia maandishi. Akatuonyesha kitufe kimoja juu kulia, Scroll Lock. Swichi ni ileile, na haijaguswa tangu kiwandani. Fundi wa redio hapa Garsen akaihamisha tukiwa tumesimama mlangoni. Jarida hili lote, kuanzia ukurasa wa mhariri, limechapwa kwa A iliyokuwa Scroll Lock.

Kwa hiyo ninapinga hadharani lile pendekezo la mweka hazina la kununua kibodi nne mpya za mpira kwa pesa za mwaka huu. Najua hoja yake: nne ni nyingi kuliko moja, na wanachama wengi watachapa kwa wakati mmoja. Ni hoja nzito, siidharau. Na kweli kelele za hizi zetu zimeshatufukuzisha maktabani mara mbili. Lakini kompyuta tuliyonayo ni moja, bwana. Hizo tatu zitakaa kabatini zikingoja zamu yao ya kufa. Mimi nasema tutafute G80 ya pili, hata ikiwa mbovu, hata ikiwa nusu ya vitufe haifanyi kazi, tuifanye ghala la swichi. Atakayetumwa asikabidhiwe pesa peke yake, mimi nikiwa wa kwanza kunyimwa.

Ile kibodi ya tofali niliyouziwa Mombasa ingalipo chini ya dirisha la chumba cha chama. Inazuia mlango usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo sina lawama nayo. Pengo la Scroll Lock tumeliziba kwa utepe wa gundi, vumbi lisipate njia. Hadi leo hajatokea mtu wa kukidai kitufe hicho.