Chupa za Lushoto Zirudishwe

Mjini Lushoto, ambako baridi ya Usambara huwalazimu watu kufunga mapema madirisha ya vioo na kuikumbatia bilauri ya chai kwa viganja viwili, sioni sababu ya chupa ya jamu ya shamba la Irente, ikishakombwa (na watoto hawasazi kitu), kutupwa korongoni, ilhali ikichemshwa huhifadhi asali bila kuiondolea ladha. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ikafanya vyema. Basi wenye maduka nao, kama wafanyavyo wauza soda tangu zamani, watoze amana kidogo, na mnunuzi arudishiwe fedha zake aletapo chupa nzima, isiyomegeka mdomo.