Habari za Safari: Mapango ya Amboni



Sisi tukaao chini ya mlima Meru twayajua mawe meusi yaliyotoka katika moto, maana mlima wetu ulitapika majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Lakini mapango ya mawe ya chokaa tulikuwa tukiyasikia kwa mbali tu. Basi tulifunga safari, walimu watatu pamoja na jamaa wa nyumba mbili, tukapita Moshi, Same na Korogwe, hata tukafika Tanga usiku. Asubuhi yake tukaenda Kiomoni, kijiji kilicho yapata kilomita 8 kaskazini ya mji, penye Mapango ya Amboni.

Wenye elimu ya mawe wasema ya kuwa miaka kama milioni 150 iliyopita mahali pale palikuwa chini ya bahari. Makombe na mifupa ya viumbe vya majini vililundikana, vikashikamana, vikawa mawe. Baadaye maji ya mvua, ambayo hupata uchachu kidogo yakipita hewani na udongoni, yaliyala mawe hayo polepole, ndipo mapango yakafanyika. Hata leo maji hudondoka kutoka juu, na kila tone huacha chokaa kidogo sana, hata mawe yakaning'inia kama mishumaa. Ndani mna giza na popo wengi. Pengine tulikwenda wima, pengine tulitambaa, kurunzi mkononi.

Tangu zamani yasimuliwa ya kuwa Wazungu wawili waliingia humo na mbwa wao, wasionekane tena, ila mbwa alitokea Kilimanjaro. Watoto wetu huipenda sana hadithi hii. Lakini mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango 10, na lililo refu kuliko yote halikuzidi kama meta 900. Basi mbwa yule, kama alifika Kilimanjaro, alipita barabarani kama sisi.

Tukafika mahali watu waendapo kuomba kwa mizimu. Tulikuta chupa za marashi, vitambaa na senti. Kiongozi wetu, mzee mwenye adabu, alitueleza ya kuwa wengi wajao hapo ni wanawake watafutao mtoto. Mwalimu mmoja kijana akacheka. Nasi, twaungama, tulicheka pamoja naye.

Dada mmoja wa safari yetu hakucheka. Tulipotoka nje aliketi peke yake chini ya mti. Tukamwendea, tukamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema, “Sivyo, mwalimu. Mwaka wa tatu wa ndoa yangu mama mkwe alinipeleka mahali kama hapa. Nilijua ya kuwa si njia yetu. Lakini yule mzee wa huko aliniuliza habari zangu, akanisikiliza mpaka jua likatua. Ninyi mlikuwa mkipita mlangoni kwangu kila juma, mkiniuliza mbona sijazaa, kisha mkaenda zenu.”

Hatukupata neno la kumjibu, maana alisema kweli. Miongoni mwa wale waliopita mlangoni pake sisi nasi tulikuwamo.

Wasomaji wapenzi, hatusemi ya kuwa mizimu yaweza kumpa mtu mtoto. Hilo twalikana kama zamani. Lakini ni kazi rahisi kukanusha mambo ya pangoni, na hadithi ya mbwa yatosha kamba ya kupimia kuimaliza. Mtu mwenye uchungu hamalizwi hivyo. Asipopata wa kumsikiliza kwetu, atamtafuta kwingine, hata gizani.

Basi mwezi huu kila nyumba na ichague mlango mmoja ambao imezoea kuupita. Ingieni, kaeni, msiulize habari ya watoto. Sisi tumekwisha kwenda kwa dada yule. Alitupa chai, naye akazungumza mpaka jioni.