Usitupe ubao mama, badilisha prosesa tu!

Jamani, nimechoka na ushauri wa wauzaji. Juzi rafiki yangu aliingia duka moja hapa Nairobi, akalalamika kwamba gemu zinakwamakwama. Kompyuta yake ina Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017. Akaambiwa anunue prosesa mpya, ubao mama mpya na RAM mpya ya DDR5. Huo si ushauri, ni kumfilisi mtu mchana kweupe!

Ukweli ni huu: ubao wake ni wa soketi ya AM4. Soketi hiyo hiyo hutumia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini 6 na wati 65. RAM yake ya DDR4 inabaki. Atazame tu kwenye tovuti ya aliyetengeneza ubao kama prosesa hiyo imeorodheshwa, kisha asasishe BIOS kabla ya kung'oa ile ya zamani.

Mtego mwingine ni 5500. Viini ni 6 vilevile, lakini kache ya L3 ni MB 16, na 5600 ina MB 32. Gemu nyingi hupenda kache.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, punguza resolusheni ya gemu. Fremu zikibaki palepale, huenda prosesa ndiyo mkosaji. Zikipanda sana, shida ni kadi ya grafiki.

Muuzaji akikuambia utupe ubao, muulize soketi yake ni gani. Akishindwa kujibu, ondoka na pesa zako.